Alama ya Gurudumu Karibu na Bahi

Tulipofika pale treni ilipoanguka, kati ya Bahi na Kintinku, dereva alikuwa ameshahukumiwa. "Alikuwa anakimbia huyo," kila mtu alisema, kuanzia vijana waliokuja kushangaa mabehewa hadi bwana mmoja wa ofisini ambaye alikuwa hata hajashuka kwenye gari. Dereva mwenyewe alikaa chini ya mti, kofia mapajani, hamjibu mtu. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Lakini Dodoma ukisema treni imeanguka, watu wanakumbuka Igandu, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mwinuko ikagongana na ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Hofu ile haijatutoka, na mwenye hofu hutafuta haraka wa kumbebesha lawama.

Mimi nilikuwa fundi mchanga wa njia, kazi yangu kushika kipimo na daftari. Injinia aliyetuongoza aliyapa mgongo mabehewa yaliyolala, akaanza kutembea kurudi upande wa Dodoma, macho kwenye reli.

"Pale palipopinda chuma utaona matokeo, mwanangu. Chanzo kiko nyuma."

Tulifuata mataruma, yale yanayolala chini ya reli kuzibeba, yaliyochanwachanwa na magurudumu, mpaka makovu yakaisha. Hapo akapiga magoti, akapangusa reli kwa kiganja. Mstari mwembamba unaong'aa ulianzia ukingo wa ndani, ukakata mshazari juu ya reli kwa zaidi ya hatua moja, ukashukia upande wa nje. Ule mdomo wa gurudumu unaolizuia lisitoke ulikuwa umepanda pale, ukatembea juu ya chuma, ukaanguka. Bolti ya kwanza kwa nje ilikuwa imekatwa kichwa. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma darasani, lakini nilipoigusa alama yenyewe mwili ulinisisimka.

Ndipo tukaanza kupima, taruma kwa taruma, kutoka kwenye alama kurudi nyuma. Upana, ambao kwenye reli yetu ya zamani ni milimita 1,000, haukuwa na tatizo. Kimo ndicho kilichotusimamisha. Reli ya kushoto ilikuwa imezama kuliko mwenzake, na nilipokanyaga taruma, tope lilichuruzika katikati ya kokoto. Hapo njia haina mzigo. Treni ikiwa juu yake ilizama zaidi. Bahi ni nchi ya majaruba ya mpunga, udongo wake ukishiba maji haubebi kitu, na mtaro wa pembeni ulikuwa umezibwa na majani na mchanga.

Mzee mmoja wa Kigogo alikuwa akichunga ng'ombe jirani. Tukamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akaja.

"Hapo treni ikipita, tope linaruka mpaka huku," alisema, akielekeza fimbo kwenye nyasi. Nyasi zilikuwa zimegandamana tope, jipya juu ya la zamani.

Wengi hudhani behewa lililoelemewa ndilo huacha njia. Lililotangulia kutoka siku ile lilikuwa tupu, limebanwa katikati ya mabehewa ya saruji. Njia inapojipinda namna ile, reli moja chini ya mwenzake, behewa lenye mzigo hukandamizwa na uzito wake, magurudumu yakaendelea kushika reli. Tupu hukosa uzito upande mmoja, na gurudumu likipata upenyo linapanda. Mkanda wa kurekodi mwendo nao ulisomwa: dereva alikuwa chini ya kiwango kilichoruhusiwa.

Kilichoniuma ni daftari la mnyapara wa gangi, kundi la wafanyakazi wanaotunza njia. Alikuwa ameandika habari za tope lile kabla mvua hazijakolea, akaomba kokoto na watu wa kuzibua mtaro. Hakujibiwa. Bwana wa ofisini alitaka ripoti iseme "mvua kubwa", basi. Nilikasirika, maana mvua haijawahi kuahidi mtu kokoto. Injinia hakubishana naye sana. Aliniagiza niunakili ukurasa wa mnyapara neno kwa neno, na tarehe yake, akauambatanisha na vipimo, ndipo akatia sahihi.

Dereva alirudishwa kazini. Kokoto zililetwa wiki hiyohiyo, na aliyesimamia kuondoa tope na kuchimba mtaro upya alikuwa mnyapara yuleyule.