Nilivyoacha kubeua shombo ya samaki

Wiki mbili nzima nilikuwa nabeua shombo mpaka saa sita mchana. Nilikuwa nameza vidonge viwili vya mafuta ya samaki asubuhi, tumbo tupu. Kwanza nilitoboa kimoja kwa sindano, nikanusa. Kingetoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha, ningetupa chupa nzima. Kilikuwa kizima. Basi nikavigawa: kimoja mchana, katikati ya wali na mchicha wa nazi, kingine usiku na chakula. Mafuta ya chakula husaidia mwili kufyonza omega-3, yale mafuta ya samaki tunayoyatafuta kwenye kidonge. Chupa nikaihamishia kwenye friji. Mibeuo imekwisha kabisa.

Someni na lebo, jamani: kidonge changu cha miligramu 1000 kina miligramu 180 za EPA na 120 za DHA tu, ambazo ndizo omega-3 zenyewe. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.