Ni Yupi Aliyetenda Dhambi?

Somo la wiki hii: Yohana 9, sura yote

Wapendwa katika Bwana, wanafunzi walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, hawakumsalimu wala hawakumuuliza jina. Walimgeukia Yesu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Mtu huyo hakuwa kiziwi. Alikuwa palepale, akisikia makosa yake na ya mama yake yakijadiliwa juu ya kichwa chake.

Swali hilo nimelisikia juu ya mwili wangu tangu nikiwa msichana Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nimeishi na unene wa kupindukia karibu maisha yangu yote, kisha nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Wengi wenu mnajua sehemu ya habari hiyo, wengine mmesikia uvumi tu. Wiki hii naomba tuitazame huku Neno likiwa wazi mbele yetu, kwa sababu najua siko peke yangu kwenye viti vya kanisa.

Hapa Lubumbashi unene huulizwa swali la wanafunzi kwa njia mbili zinazopingana. Kwanza huja sifa. Mke mpya akiongezeka kilo, watu humpongeza mume: anamtunza. Mtumishi wa Mungu akiota kitambi, husemwa baraka zimeanza kuonekana. Akikonda mtu, ndipo minong'ono: ana SIDA, yaani UKIMWI, au nyumbani hakuna amani, au ameendewa kwa mganga. Halafu mwili huohuo ukivuka mpaka ambao hakuna aliyeuchora, sifa hugeuka hukumu. Yule aliyebarikiwa jana, leo ni mlafi na mvivu. Njia zote mbili zinaamini jambo moja: kwamba ukitazama mwili wa mtu umeshasoma moyo wake na hesabu yake mbele za Mungu.

Mimi nilifika kilo 128 kwa urefu wa mita 1.62. Daktari aligawanya kilo hizo kwa urefu wangu uliozidishwa kwa urefu huohuo, akapata kipimo cha karibu 49. Shirika la Afya Duniani huhesabu unene wa kupindukia kuanzia 30. Tansyo, yaani shinikizo la damu, ilikuwa juu, sukari ilikuwa juu, magoti yalikataa ngazi, na usiku pumzi ilikatika usingizini mpaka baba wa nyumba akawa analala nusu macho ili aniamshe. Kwenye taksi nililipa viti viwili ili nisisikie miguno. Sare ya 8 Machi, siku ya wanawake, ilipokuja, fundi alitangaza mbele ya wamama wote kwamba kikwembe (kitenge) cha kawaida hakinitoshi. Na siku moja mhubiri mgeni aliniita mbele, akaniwekea mikono na kukemea roho ya ulafi kwa sauti kubwa. Nyuma yangu watu waliitika Amina. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na uzito uleule, na aibu juu yake.

Yesu anajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Hakugawanya lawama nusu kwa nusu. Alilifunga shauri lenyewe.

Nilipoanza kujifunza ugonjwa huu, nilishangaa jinsi elimu ya mwili ilivyonisaidia kulisikia jibu hilo. Mwaka 1994 watafiti waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua ghrelini, inayotoka zaidi kwenye mfuko wa tumbo na kuamsha njaa. Mtu akipunguza uzito kwa kujinyima, leptini hushuka, ghrelini hupanda, na mwili huanza kubana matumizi ya nguvu. Basi anaona njaa kali kuliko ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza. Ndiyo sababu wengi hupungua, wakapigiwa makofi, kisha kilo zikarudi na wao wakajificha. Sisi tuliwaita watu wasio na msimamo, kumbe mwili wao ulikuwa unapigana kurudi pale ulipopazoea.

Na wazazi? Mapacha waliolelewa katika nyumba tofauti wamechunguzwa, ikaonekana kwamba uzito wao hufanana sana ingawa hawakula meza moja. Urithi una sehemu kubwa. Mama yangu na bibi yangu walikuwa wanawake wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyenifanyia ubaya kwa kunipakulia bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Sisemi chakula hakihusiki. Soda, mafuta ya kukaangia yasiyopimwa, kazi ya kukaa kutwa nzima, hayo yote yanahusika. Lakini watu wawili wanaweza kula sahani ileile miaka yote, mmoja akanenepa na mwenzake asinenepe, na aliyebaki mwembamba hakuupata wembamba huo kwa maombi.

Mtu ataniuliza: Biblia haikemei ulafi? Inakemea, na ningependa tuusome vizuri zaidi ya tulivyozoea. Ezekieli 16:49 inapotaja uovu wa Sodoma, inataja kiburi, kushiba chakula na kufanikiwa, kisha inasema hakuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Tajiri wa Luka 16 alikula anasa kila siku. Uzito wake hatuambiwi. Tunaambiwa Lazaro alilala mlangoni pake. Ulafi wa Maandiko una jirani mwenye njaa ndani yake, na mtu mwembamba kabisa anaweza kuwa nao. Hata shemasi. Mizani ya zahanati haiwezi kuupima.

Kisha kuna tope. Nilipopata nafasi ya kupasuliwa, wapendwa wengine waliniambia kwa nia njema kwamba kisu ni kukosa imani, afadhali nifunge na kuomba. Nilikuwa nimefunga na kuomba. Yesu angeweza kumponya yule kipofu kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa akida. Siku ile alitema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe katika Siloamu. Sehemu hiyo huwa tunaipita haraka mno. Yule mtu alishika njia akiwa na tope usoni, bado haoni, watu wanamtazama. Kati ya mkono wa Yesu na kuona kwake kulikuwa na mwendo, na miguu iliyokwenda ilikuwa yake mwenyewe.

Tope langu lilikuwa India. Familia ilichanga kama inavyochangia ugonjwa wowote mzito, na tulisafiri kupitia Addis Ababa. Kwa miaka mingi, tangu 1991, madaktari walifuata kanuni kwamba upasuaji huu ni wa mwenye kipimo cha 40, au 35 ikiwa ana magonjwa kama sukari na tansyo. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilikubali 35 hata bila magonjwa hayo. Mimi nilikuwa nimepita mbali. Walitoboa matundu madogo, wakaingiza kamera, wakaondoa kama asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa ghrelini nyingi, kwa hiyo hata njaa hupungua. Walinieleza hatari zake waziwazi: mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda na kupanda mapafuni. Niliweka sahihi mkono ukitetemeka, huku yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akiomba kwa sauti ya chini pembeni.

Naomba yeyote anayefikiria njia hii asikie pia yanayofuata, maana kazi inaanza ukishatoka hospitali. Wiki za kwanza ni vyakula vya majimaji tu, baadaye uji laini, baadaye vyakula vyororo. Maji hunywewa kidogo kidogo kutwa nzima, wala hayachanganywi na mlo. Samaki, yai au maharage huliwa kwanza, bukari baadaye, matonge machache. Vitamini B12, vitamini D, chuma na kalsiamu ni za maisha yote, na hapa kwetu lazima uzitafute na kuzipangia falanga kila mwezi. Miezi michache baadaye nywele zangu zilianza kutoka kwa mafungu. Nikakumbuka neno la Bwana kwamba nywele zetu zote zimehesabiwa, na kwa mara ya kwanza nililisoma nikilia. Zimeota tena. Ngozi iliyolegea imebaki. Kilo zinaweza kurudi mtu akiacha kujitunza, na wakati mwingine hata akijitunza.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuwa saumu. Mnajua mifungo yetu mikavu, siku nzima bila tone la maji. Daktari alikataa kabisa, kwa kuwa tumbo langu haliwezi tena kufidia maji kwa pigo moja jioni. Nilijiona nimetengwa na wamama wenzangu katika jambo nililolipenda. Mchungaji wangu alinifungulia Isaya 58: saumu niliyoichagua, asema Bwana, ni kuwagawia wenye njaa chakula chako. Akaniambia tu, "Mama, funga hii."

Wakati huo dada mmoja alikuwa ameniuliza swali gumu. Ndugu zetu wa Kivu wanakimbia vita, watoto wao hawana cha kutia tumboni, na wewe unalipa ili upunguziwe tumbo? Lilinichoma kwa sababu ni swali halali. Nilimjibu kwamba sukari ikiachwa inakula figo, macho na miguu, na njaa ya mkimbizi haishibishwi na ugonjwa wangu. Naliamini jibu hilo hadi leo. Lakini halinipi ruhusa ya kulifunga swali. Sufuria yangu sasa inapika kidogo kuliko zamani, na kile kilichokuwa sehemu yangu kina mtu wake. Hiyo ndiyo saumu yangu, nayo ina uchungu wake, maana kutoa kila wiki hakuna wimbo wala shangwe ya mkesha.

Turudi Yohana 9, kwa majirani. Yule mtu alirudi akiona, nao wakabishana mbele yake: "Wengine walisema, Ndiye. Wengine walisema, La, lakini amefanana naye. Yeye mwenyewe alisema, Mimi ndiye." Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwanamke niliyekuwa nikinunua samaki kwake miaka mingi alinitazama akaniambia, "Ni weye kweli, ao ni ndugu yako?" Huyo alikuwa mpole. Wengine walikwisha kunizika. Walisema ni SIDA, walisema nimeachwa, na kwenye kilio kimoja niliposhindwa kumaliza sahani, wenye msiba waliona nimewadharau. Halafu kukaja sifa, nazo zilinitatiza zaidi. Watu ambao hawakuwahi kunikaribisha kuongoza sala sasa walinipa kipaza sauti. Wanaume walinisalimia kwa jina. Nikajiuliza: yule mama wa kilo 128, aliyeimba kwenye kwaya ileile na kulijua Neno lilelile, alikuwa nani kwenu?

Alikuwa mimi. Bwana alinipenda nikiwa na kilo zote hizo, akaziona hofu zangu za usiku pumzi ilipokatika, wala hakungoja nipungue ndipo anisikilize. Siwezi kutoa ushuhuda unaomdharau mwanamke yule ili huyu wa leo asifiwe.

Tazameni pia jinsi watu hawakumwacha yule aliyefunguliwa macho. Mafarisayo walimhoji, wakawahoji wazazi, wakamrudia: "Alikutendea nini? Alikufumbuaje macho?" Alichoka. Mambo mengi hakuyajua, na alikiri hivyo. Najua neno moja, alisema, nilikuwa kipofu na sasa naona. Mwishowe wakamtoa nje, na Yesu aliposikia wamemtoa, akamtafuta akamwona. Mstari huo wa 35 naupenda kuliko muujiza wenyewe. Kwanza Yesu alimpa macho, kisha akamfuata alikotupwa.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba mambo machache, nanyi wachungaji na wazee wa kanisa mnisikie kwa upendo. Msimwite mtu mbele ya watu kwa ajili ya uzito wake. Kwenye kilio na kwenye sherehe, anayeomba sahani ndogo apewe sahani ndogo bila kuulizwa. Mtangazapo saumu, semeni pia kwamba wenye sukari, wenye mimba na waliopasuliwa wana njia nyingine. Na mama yeyote anayekoroma usiku mpaka pumzi inakatika, anayeona kiu isiyoisha, aje tuonane baada ya ibada. Nitamsindikiza kupima tansyo na sukari, na nitangoja naye kwenye foleni.

Bwana Yesu, wako walio na mwili kama niliokuwa nao, wala hawatapata nauli ya kwenda mbali. Wape madaktari hapahapa Lubumbashi, uwape vijana wetu wanaosomea utabibu mikono iliyo imara. Wakumbuke waliopasuliwa na wakarudia uzito, wanaoona haya kurudi kanisani. Watafute huko walikotolewa. Amina.