Ninavyochonga mihuri midogo ya shaba kwa mashine ya CNC ya mezani

Mihuri ya shaba ya manjano (brass) ninayochonga hapa Bombo, Uganda, huenda sehemu mbili. Mingine huchukuliwa na mafundi wa ngozi, wanaotengeneza mikanda, makubazi na mikoba. Mingine inashuka Kampala, Nasser Road, kwa wachapaji wanaopiga foili ya dhahabu kwenye kadi za harusi na majalada ya vitabu. Wote wanataka mstari mwembamba unaosomeka, na wote wanautaka wiki hiyohiyo. Mashine yangu ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ni ile ndogo iitwayo 3018: eneo lake la kazi ni milimita 300 kwa 180, mota yake inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika, na fremu yake haikuumbwa kulazimisha chuma. Kwa hiyo nilichokihitaji zaidi ni kupunguza saa bila kupoteza nakshi.

Nilianza na hesabu kwenye karatasi, na bado naona hapo ndipo kazi yote ilipo. Chukua muhuri wa milimita 30 kwa 30, kina milimita 1.5. Ukiupa biti (kisu cha kuzunguka) moja tu, ile ya V yenye ncha ya milimita 0.1, ikasogea milimita 0.05 kila mstari, inapita mara 600 kwa tabaka moja, sawa na mita 18 za mwendo. Kwa kasi ya milimita 150 kwa dakika hizo ni saa mbili, na kama kila tabaka ni 0.1 yako matabaka 15. Saa thelathini! Ncha ya biti haifiki huko ikiwa nzima, na umeme wetu hauwezi kutulia muda wote huo.

Sasa ipe endimili, yaani biti nene ya ncha bapa, ya milimita 2 eneo hilohilo, isogee 0.8 kila mstari. Inapita kama mara 38, mita moja na kitu, chini ya dakika sita kwa tabaka kwa kasi ya milimita 200. Matabaka yote 15 hayafiki saa moja na nusu. Biti ndogo inabaki na kazi ya kuzunguka kingo za herufi na kuingia kwenye nafasi nyembamba ambazo kubwa haikufika. Huo ndio utaratibu wangu hadi leo: shaba yote inayofikiwa na biti nene naiondoa kwa biti nene, na biti nyembamba haiguswi mpaka mwisho.

Kuna kipimo kimoja hapo cha kuzingatia. Biti yangu ya V ina pembe ya nyuzi 30, yaani ukuta inaouacha unalala kidogo. Kwenye kina cha 1.5 ukuta huo umetoka nje kwa 0.4 kutoka ukingo wa juu wa herufi. Basi endimili naizuia isikaribie mstari kwa nusu milimita, vinginevyo inakula mguu wa herufi. Mguu huo mpana chini ndio unaofanya mstari mwembamba usipinde pale muhuri unapogongwa kwa nyundo, kwa hiyo nausimamia kwa makini.

Jambo la pili lililoniokolea saa nyingi ni kuacha kudai kina kilekile kila mahali. Ngozi haizami ndani ya nafasi nyembamba. Kati ya mistari miwili iliyoachana kwa 0.3, kina cha 0.37 kinatosha kabisa, na hapo ndipo biti ya nyuzi 30 inapofika yenyewe kabla haijagusa kingo zote mbili. Nafasi ikifika 0.9, biti inafika 1.5 bila taabu. Ninachotaka kiende chini kabisa ni viwanja vipana, kwa sababu huko ngozi hulegea na kugusa sakafu ya muhuri, ikaacha madoa. Programu nyingi za kuchonga kwa V zinafuata upana wa nafasi zenyewe. Ukiwekea kikomo cha kina tu, zinafanya hivi bila kuambiwa mara mbili.

Mzee mmoja fundi wa ngozi alinileta kwenye mtihani wa kweli. Alitaka korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera, mwenye urefu wa milimita 25 tu. Akaniambia, "Mwanangu, nywele za kichwani zionekane moja moja. Zikishikana, huyo si korongo wetu." Nikamjibu, "Sawa mzee, nitazitenga." Taji la korongo ni manyoya yaliyosimama kama miale, yanakutana yote kwenye mzizi. Nilichora upya kwenye Inkscape, programu ya kuchora, nikayapunguza idadi, kila unyoya nikaupa unene wa 0.3 na nafasi ya 0.3 pale juu. Kwenye mzizi, yanakokaribiana mno, niliyaunganisha kwa makusudi kuwa kipande kimoja. Unyoya mwembamba kuliko huo unaweza kuchongeka, lakini kwenye ngozi hausomeki. Halafu nikageuza picha kushoto kulia, maana muhuri husoma kinyume.

Kabla ya hayo yote, kipande chenyewe lazima kiwe sawa. Hapa ndipo sipunguzi muda hata kidogo. Kwa biti ya nyuzi 30, uso ukipishana kwa 0.1 juu au chini, unene wa mstari unabadilika kwa 0.054. Kwenye unyoya wa 0.3 hiyo ni karibu sehemu moja ya tano. Kwa biti ya nyuzi 60 ni zaidi ya theluthi, ndiyo maana naipenda ile ya 30 ingawa ncha yake ni dhaifu zaidi. Nabandika teipu ya karatasi mezani na nyingine chini ya shaba, naziunganisha kwa supagluu, kisha mashine yenyewe inalisawazisha bamba kwa biti bapa, palepale, bila kulitoa. Kama bamba limeshang'arishwa na sitaki kuligusa, natumia ramani ya kimo ya Candle, programu inayoendesha mashine: waya mmoja kwenye biti, mwingine kwenye shaba. Shaba inapitisha umeme, kwa hiyo biti ikigusa tu mashine inajua uso uko wapi, nukta kwa nukta.

Shaba yenyewe si moja. Ile ya fimbo ya kerezo, yenye madini ya risasi kidogo ndani, inakatika chenga fupi kama chumvi, na hiyo ndiyo ninayoitafuta Kampala, mitaa ya Katwe na kwa wauza vyuma chakavu Kisenyi. Ile ya bamba laini la kukunja inanata, inavuta vinyuzi na kuziba biti. Koki kuukuu ya maji ni shaba ya kumimina, mara nyingine ina vitundu ndani ambavyo huvioni mpaka ncha iingie humo. Kwa sababu ya risasi hiyo navaa barakoa, chenga nazifuta kwa kitambaa chenye maji badala ya kuzipuliza, na siondoki kwenda kula bila kunawa kwa sabuni.

Biti inayonifaa ni ya kabaidi, iliyokatwa nusu mviringo, yenye makali ubavu mmoja tu. Zile zenye makali yaliyochongoka mbele, kama za mbao, hudaka shaba na kuvunjika. Kwa ubavu mmoja na kasi ya 150, kila mzunguko unakata 0.015. Ukiogopa ukapunguza mno, biti inasugua badala ya kukata, inapata joto na makali yanakufa. Naiingiza kwa mteremko, kamwe siichomeki wima, na kabla ya kuanza nasafisha koleti, kishikio cha biti, kwa brashi. Punje moja ya chenga humo inaifanya ncha iyumbe, na ncha ya 0.1 inayoyumba inaweza kuchonga mfereji wa 0.2.

Umeme ukikatika, mota za mashine husahau zilipokuwa. Kwa hiyo kazi nimeigawa mafaili madogo: kusawazisha, kufagia shaba kwa biti nene, kingo, kisha nakshi nyembamba. Na pembeni ya bamba, nje ya mchoro, natoboa kitundu kimoja cha milimita 1. Umeme ukirudi, narudisha ncha kwenye kitundu hicho kama sifuri yangu na kuanza faili lililokatika tu, si kazi nzima.

Mwishoni naipitia shaba kwa brashi ya nailoni na msasa namba 1000 uliolazwa juu ya kioo, vinywele vya kingoni vinaanguka. Kisha nabonyeza muhuri kwenye kipande cha sabuni ya kufulia na kuutazama kwa lenzi. Sabuni inasema kweli kuliko karatasi, maana inaonyesha kina pia. Manyoya ya korongo yalitoka yote yameachana. Mzee aliugonga mbele yangu kwenye ngozi iliyoiva kwa magome, ameilowesha kidogo, akapitisha kidole juu ya taji mara mbili. Akaagiza wa pili, mdogo zaidi, wa milimita 15 kwa ajili ya pochi. Huo tumekubaliana uwe na manyoya machache zaidi, na mchoro wake uko mezani.