Nilivyotumia tope la bwawa kutoa shaba kwenye maji ya mrututu

Kwetu Moshi vijijini mzee bado anayeyusha mrututu (ile dawa ya bluu yenye shaba) mwenyewe kwa ajili ya kahawa, na maji ya kusuuzia ile ndoo yalikuwa yanamwagwa palepale kando ya mfereji, mfereji ambao huko chini watu wananyweshea ng'ombe. Iliniuma sana, maana shaba haiozi, ikishaingia kwenye udongo inakaa tu.

Sasa kuna bakteria wa kwenye tope wanaishi bila hewa kabisa, wanatumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni, halafu wanatoa ile gesi ya harufu ya yai viza, na gesi ikikutana na shaba inageuka ungaunga mweusi unazama chini. Na mrututu wenyewe si ndo salfeti ya shaba! Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaweka tope jeusi la bwawani, samadi, maranda na konzi ya jasi (nayo ina salfeti), nikajaza maji.

Mara ya kwanza niliharakisha, siku ya pili tu nikamimina maji ya bluu yote. Wiki mbili hakuna harufu wala nini. Mrututu ni dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo niliwamaliza kabla hawajazaliana.

Nikaanza upya, nikabana mfuniko, nikatoboa nikapitisha kampira hadi kwenye chupa ya maji ili gesi itoke hewa isiingie, nikaiacha nje nyuma ya banda wiki nne (usithubutu kuiweka ndani, gesi ile ni sumu). Kuja kuchungulia, yai viza lenyewe! Hapo nikawa namimina nusu lita, napumzika siku mbili, namimina tena.

Kupima nilitumia msumari niliousugua msasa, maana shaba iliyoyeyuka inaganda kwenye chuma. Kwenye maji ya bluu ulitoka mwekundu kama waya wa umeme uliomenywa. Kwenye maji ya ndoo nikauacha usiku kucha, ukapata weusi kidogo ila wekundu hata chembe. Mzee akaugeuzageuza weee, akauliza, "Sasa shaba imeenda wapi?"

Iko kwenye tope baba, na tope hilo halimwagwi shambani, likipigwa hewa shaba inayeyuka tena. Na maji yale si ya kunywa.

Rafiki yangu wa Geita anataka kujaribu kwenye maji ya zebaki, nimemkataza kabisa, baadhi ya bakteria hawahawa wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu kali zaidi inayojikusanya kwenye samaki.