Bridget Cleary hakuchomwa kwa uchawi: mauaji ya Ballyvadlea, 1895

Ukihamia Ayalandi, hasa upande wa Tipperary, haitapita muda mrefu kabla ya mtu kukutajia Bridget Cleary. Wengi watakwambia ndiye mchawi wa mwisho kuchomwa nchini humo. Si kweli, na kosa hilo linaipotosha kesi nzima. Hoja ya waliomuua haikuwa kwamba ni mchawi. Waliomtesa walidai kwamba yule hakuwa Bridget: Bridget mwenyewe kachukuliwa, na kilicholala kitandani ni kiumbe kingine kilichowekwa mahali pake. Mtanzania aliyekulia kwenye habari za misukule ataelewa haraka. Ndugu wanazika mgomba wakidhani ni maiti, kumbe mtu wao anatumikishwa kwingine. Ila huku Tipperary huo "mgomba" ulikuwa unapumua, unakohoa na kuomba maziwa.

Bridget Boland alikuwa mzaliwa wa Ballyvadlea, mahali pa mashamba kati ya Fethard na Drangan, karibu na mlima Slievenamon. Alisomea ushonaji na utengenezaji wa kofia za wanawake, akaolewa Agosti 1887 na Michael Cleary, fundi mapipa. Mwaka 1895 alikuwa na umri wa miaka 26 hivi. Alikuwa na cherehani yake ya Singer, wateja wake, kuku wake na hela yake ya mayai. Alivaa vizuri kuliko majirani. Hawakuwa na mtoto. Waliishi na baba yake mzee, Patrick Boland, katika nyumba ya vibarua iliyojengwa kwa fedha za umma, na humo kila shilingi ya ziada ilipitia mikononi mwa Bridget.

Karibu na hapo, Kylenagranagh, kuna boma la kale. Maboma haya ni tuta la udongo la mviringo, na mara nyingi handaki kwa nje. Yako zaidi ya 40,000 Ayalandi nzima. Mengi yalikuwa makazi ya wakulima na wafugaji kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Wenyewe walipokwisha kuondoka na kusahaulika, watu wakaamini wanaokaa humo ni viumbe kama majini, waitwao Watu Wema. Jina hilo la heshima ni la kujikinga, maana viumbe hao waliogopwa sana: waliharibu siagi, waliwadhuru ng'ombe, na walichukua watoto wachanga, vijana wazuri na wanawake waliotoka kujifungua. Aliyechukuliwa huachiwa kiumbe badala yake, kinyonge, chenye hasira, kisichonenepa. Dawa ya kukifukuza ni kukitisha mpaka kikimbie: moto, chuma, mkojo, na majani makali. Mmea uliotumika sana ni ule wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu. Una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa akinyweshwa kwa wingi, "kiumbe" kilikufa kweli.

Bridget hakuwa wa kwanza. Mwaka 1826 mwanamke aitwaye Ann Roche alishtakiwa Tralee kwa kumzamisha mtoni mtoto wa miaka minne asiyeweza kutembea wala kusema, akijitetea kwamba alikuwa anatoa kiumbe ndani yake. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Mwaka 1884, Clonmel, wanawake wawili walikamatwa kwa kumweka mtoto wa miaka mitatu juu ya koleo la moto. Wengi wa waliodhuriwa hivi walikuwa watoto wenye ulemavu au maradhi yasiyoeleweka. Bridget alikuwa mtu mzima, na alijua kujibu.

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1895 alikwenda Kylenagranagh kwa miguu kupeleka mayai kwa Jack Dunne, binamu wa baba yake. Kulikuwa na baridi kali. Alirudi anatetemeka, kichwa kinamuuma, na siku zilizofuata homa haikushuka. Dunne, mzee aliyesifika kwa kujua habari za Watu Wema, alikuja kumwona na kutamka kwamba yule si Bridgie Boland. Kauli ile ndiyo iliyofungua mlango. Kabla yake kulikuwa na mgonjwa wa kifua. Baada yake kukawa na shaka ya yeye ni nani.

Tatizo halikuwa kukosa huduma. Tarehe 9 Machi baba yake alitembea hadi Fethard kumwita daktari wa umma. Hakuja. Tarehe 11 mume akaenda tena. Daktari William Crean alifika tarehe 13, siku tisa baada ya ugonjwa kuanza, akaona mishipa ya fahamu iliyotibuka na mkamba mdogo, akaacha dawa. Siku hiyohiyo Padri Cornelius Ryan alikuja kumpa Mpako wa Wagonjwa. Michael Cleary hakumpa mkewe dawa ile kwa sababu hakuwa na imani nayo. Tarehe 14 alikwenda kwa mganga wa majani, Denis Ganey, akarudi na mitishamba.

Yaliyotokea usiku wa tarehe 14 tunayajua kwa ushahidi wa Johanna Burke, binamu yake Bridget, na wa jirani William Simpson na mkewe. Simpson na mkewe walikuta mlango umefungwa na kelele ndani. Walipofunguliwa walikuta Dunne amemshika Bridget kichwa, na binamu zake wa ukoo wa Kennedy wamembana mikono na miguu kitandani. Mume alikuwa anamlisha kwa kijiko majani yaliyochemshwa katika maziwa mabichi. Alipokataa walimlazimisha. Walimmwagia mkojo. Walimuuliza tena na tena, kwa jina la Mungu, kama yeye ni Bridget Boland, mke wa Michael Cleary. Alijibu ndiyo, wakaona hajajibu sawasawa. Kisha Dunne akashauri apelekwe motoni. Walimbeba wakamshikilia juu ya moto wa jikoni huku wakirudia swali, mpaka wakaridhika na kumrudisha kitandani. Humo ndani alikuwamo baba yake mzazi, na alikuwamo shangazi yake Mary Kennedy. Bridget alikuwa mzima usiku ule, ameungua kidogo tu. Laiti mambo yangeishia hapo.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 15, padri alirudi akasoma misa chumbani. Alimkuta mgonjwa mwenye wasiwasi na aliyedhoofika, akaondoka bila kujua ya usiku. Hakuna aliyemwambia, na mlengwa mwenyewe hakusema, labda kwa sababu wote waliokuwa na uwezo wa kumsikia walikuwa wamesimama palepale.

Jioni ugomvi ulianzia kwenye shilingi ya maziwa. Johanna Burke alileta maziwa, Bridget akamlipa, lakini kabla ya kuitoa sarafu aliiingiza chini ya blanketi. Mume akaona ni ushirikina. Bridget akakana. Baadaye alivaa nguo zake nzuri akatoka kukaa na watu jikoni kwenye moto, wakanywa chai. Mazungumzo yakarudi kwa Watu Wema, na Bridget akamwambia mumewe kwamba mama yake Michael ndiye aliyekuwa akienda nao. Mbele ya wakwe, maneno hayo yalichoma. Michael akachukua vipande vitatu vya mkate na jamu, akamwamuru ale, na kabla ya kila kipande ataje jina lake. Alikula viwili. Cha tatu akasita. Akamwangusha chini, akamkandamiza kwa goti kifuani, akamsokomeza mkate kooni, kisha akachukua kijinga cha moto kutoka jikoni na kukileta mdomoni mwake. Shimizi yake ikashika moto. Hapo Michael akachukua taa na kummwagia mafuta yake.

Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Waliokuwamo walipiga kelele kuomba watoke. Aliwajibu kwamba huyo si mkewe, na wangemwona akipaa kupitia dohani. Usiku ule yeye na Patrick Kennedy waliufunga mwili kwa shuka, wakaubeba kama robo maili, wakauzika juujuu kwenye ardhi tepetepe.

Siku zilizofuata Michael alikwenda kwenye boma la Kylenagranagh usiku, usiku tatu mfululizo, akiwa na kisu cha mpini mweusi. Alisema mke wake wa kweli angetokea juu ya farasi mweupe, naye angekata kamba zilizomfunga na kumrudisha. Hakutokea mtu. Wakati huo Dunne alikuwa amekwisha kuzungumza na padri kanisani Drangan, na polisi wakaanza msako. Mwili ulipatikana tarehe 22 Machi. Uchunguzi ukathibitisha amekufa kwa kuungua. Waliomzika makaburini Cloneen ni polisi, kwa mwanga wa taa. Jamaa na majirani hawakufika.

Kesi ilisikilizwa Clonmel mwanzoni mwa Julai 1895 mbele ya Jaji William O'Brien. Michael Cleary alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 20 na kazi ngumu. Patrick Kennedy alipewa miaka 5, Jack Dunne miaka 3, William na James Kennedy miezi 18 kila mmoja, Michael Kennedy na baba mzazi miezi 6 kila mmoja. Mary Kennedy aliachiwa. Ganey, mganga wa majani, hakufungwa. Johanna Burke aligeuka shahidi wa serikali. Cleary alitoka Aprili 1910 baada ya miaka 15, akaenda Liverpool, na mwaka huohuo akahamia Montreal.

Magazeti ya London yaliipenda kesi hii kwa sababu zake. Miswada miwili ya kuipa Ayalandi serikali ya ndani ilikuwa imeanguka bungeni, mwaka 1886 na 1893, na wapinzani wa serikali hiyo ya ndani walipata hoja tayari: watu wanaochoma wake zao wawezaje kujitawala? Wenye nia hiyo walisahau kwamba majirani wa Ballyvadlea ndio waliotoa ushahidi, na padri wa Drangan ndiye aliyepeleka habari polisi. Sisi wa Afrika Mashariki hoja hiyo tunaijua kwa karibu. Mwanzoni mwa Julai hiyohiyo ya 1895, Uingereza ilikuwa inachukua utawala wa eneo linaloitwa leo Kenya kutoka mikononi mwa kampuni yake ya biashara.

Na sheria ya dola hiyo haikupima kwa kipimo kimoja. Miaka 37 baadaye, mwaka 1932, mahakama ya Nairobi iliwasikiliza Wakamba 70 walioshtakiwa kwa kumpiga mpaka kufa mwanamke waliyeamini amemroga mke wa Kumwaka wa Mulumbi. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa, ingawa baadaye hukumu hizo zilibadilishwa kuwa vifungo. Clonmel hakuna hata mmoja aliyesikia hukumu ya kifo. Sisemi Clonmel wangepaswa kunyongwa. Nasema imani ileile ya kweli ilihesabiwa kuwa kipunguzo cha hatia kwa mmoja, na kwa mwingine haikuzuia kamba kutajwa.

Watafiti wanabishana kama Michael aliamini kweli au alitumia imani kufunika hasira. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuchagua. Mwanamke mwenye pesa yake, asiye na mtoto baada ya ndoa ya miaka karibu minane, mwenye ulimi, mgonjwa kwa siku kumi. Mume asiyelala, aliyechekwa na wakwe. Habari za Watu Wema zilimpa njia ya kumfanyia mke wake mambo ambayo asingethubutu kumfanyia mke wake, kwa kuwa huyu alikwisha kutangazwa kuwa si yeye. Hata swali la mara tatu lilikuwa mtego: ukijibu, kiumbe kinadanganya, ukisita, kiumbe kimejifichua. Na kati ya watu wote waliokuwamo katika usiku ule wa kwanza hakuna aliyetoka kwenda kituo cha polisi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mkate na jamu.

Kwa mnaoishi huku sasa, mambo machache. Nyumba yenyewe bado ipo na ni makazi ya watu. Usiende kupiga picha getini. Kuna wimbo wa watoto unaouliza kama wewe ni mchawi au mke wa Michael Cleary. Ukiusikia Tipperary usiucheke, ndugu wa koo zile bado wapo. Ukifanya kazi shambani au kwenye ujenzi na ukakuta tuta la mviringo lenye miti ya miiba, usiliguse kwa katapila bila kumuuliza mwenye shamba: maboma yaliyosajiliwa yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya nchi, na hata asiyeamini Watu Wema hataki kuwa wa kwanza kulivunja. Mwaka 1999 huko Latoon, Clare, barabara kuu ilipangwa upya kuuacha mti mmoja wa miiba uliosemwa kuwa wa viumbe hao. Ukitaka kuzisoma imani hizi zenyewe, tovuti ya dúchas.ie ina daftari za wanafunzi wa shule za msingi walioandika masimulizi ya wazee wao kati ya 1937 na 1939, bure, na unaweza kutafuta kwa kaunti na mahali. Anza na Tipperary, Cloneen na Drangan.