Leo nimefika kwa mzee Karamzin

Jamani leo nikitoka chuo nimepitia makaburi ya Tikhvin hapa St. Petersburg, watalii wote wamejazana kwa Dostoevsky na Tchaikovsky, mimi nikanyoosha moja kwa moja kwa Nikolay Karamzin.

Kwa wasiomjua, huyu alikuwa mwandishi wa hadithi na jina lake lilikuwa kubwa tayari, halafu 1803 Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander wa Kwanza akamteua kuandika historia ya nchi, basi akaacha hadithi zote akazama kwenye nyaraka za kale.

Vitabu 8 vya kwanza vya Historia ya Dola ya Urusi vikatoka 1818. Nakala 3,000. Mwezi haujaisha, zimeisha zote!

Ila mimi kilichonishika ni kitabu cha 9, cha 1821. Mtu analipwa na Tsar, mwenyewe anaamini kabisa ufalme ndo unaifaa Urusi, lakini ukatili na mauaji ya Ivan wa Nne, Tsar wa zamani, kayaandika wazi bila kuficha. Namheshimu sana kwa hilo.

Cha 12 hakukimaliza, alifariki 1826.

Na kinakatikia vitani, kwamba ngome ya Oreshek haikusalimu amri... basi, hapo hapo kalamu imesimama. Zaidi ya miaka 20 ya kazi! Nimesimama pale naiwaza hiyo sentensi, uchungu umenishika kweli.

Haya wapenda historia, kwetu mngemtaka nani aianze historia yetu toka mwanzo namna hii, kitabu baada ya kitabu? Tiririkeni.