Chini ya boriti za bibi

Mwezi uliopita fundi alishusha boriti moja kwenye chumba cha bibi, Mji Mkongwe. Paa lilivuja masika mawili mfululizo na ncha iliyoingia ukutani ilikuwa imeoza. Alipoikata, ndani ikatoka nyekundu iliyokolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni. "Hii msinzi hii," akasema. Nikaona haya. Nimezaliwa chini ya boriti hizi, nimezihesabu usiku wa homa, lakini msinzi ulio hai, mti wa jamii ya mikoko, sijawahi kuutia mkononi.

Jumamosi nikapanda daladala ya Makunduchi, nikashuka Jozani, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na wengi huijia kwa ajili ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Nilimwona mmoja, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemsimama kuzunguka uso, anavuta tawi kwa vidole vinne maana gumba lake ni kama halipo. Alikula majani machanga bila kutujali. Ni mzuri mno. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kufika kijiji cha Pete, kwenye mikoko.

Kuna ujia wa mbao unaopita juu ya tope. Maji yalikuwa yamekupwa, na ile harufu ya koko, yaani msitu wa mikoko, ikanipokea: chumvi, majani yaliyooza, kitu kama yai. Kijana aliyetutembeza, mzaliwa wa pale pale, akachuma jani la mchu. "Lamba, dada." Nikalamba. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari, kisha chumvi inautoka kwa majani kama jasho.

Ndani ya tope hakuna hewa, kwa hiyo kila mti umejitafutia njia yake ya kuvuta pumzi. Mlilana na mchu husimamisha vijiti juu ya tope, maelfu, kama kalamu zilizochomekwa. Mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi iliyopinda, mguu huku na mguu kule, na kwenye miguu hiyo chaza wameng'ang'ania. Msinzi ndio uliopiga magoti. Mzizi unachomoza, unakunjika, unazama tena.

Nikachutama hapo. Ua la msinzi lilikuwa limeanguka kwenye ubao, jekundu, ncha zake zimejikunja kama vidole vya mtoto aliyelala. Chini yangu kaa wadogo wa gando moja kubwa walikuwa wakilipunga, wote kwa pamoja; kivuli changu kilipowagusa wakatoweka, tope likabaki na vitundu tu. Samaki mmoja, mfupi kuliko kidole changu, alikuwa amepanda juu ya mzizi, macho utosini, anatazama.

Kisha kijana akanionyesha mche wa mkoko ukining'inia kwenye tawi, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado kwa mama yake. Ikianguka maji yakiwa makavu, huchoma tope papo hapo; maji yakiwa yamejaa, huelea mpaka ipate pa kushika. Niliushika bila kuuchuma. Ulikuwa baridi, laini, mzito kuliko nilivyodhani.

Akaniambia zamani kuni za koko ndizo zilizokuwa zikichoma matanuri ya chokaa. Nikanyamaza. Kumbe si boriti peke yake, hata kuta zetu zimepikwa kwa mikoko. Sehemu ya kiingilio sasa hurudi vijijini, na hilo nalipenda, kwa sababu huwezi kumwambia mtu asikate halafu usimpe kitu.

Wakati wa kuagana akaniuliza boriti zetu zina urefu gani. Sikujua. Nikajinyoosha mikono, nikaona haitoshi.

Usiku nilipanda juu kwa bibi nikamweleza. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, unadhani vyumba vyetu ni vyembamba kwa kupenda? Chumba kinafuata boriti." Akashika ncha moja ya ukanda, nami nyingine, tukapima ile iliyoshushwa, bado imelazwa ukumbini. Dhiraa sita, na shubiri moja ya pale ilipokatwa.